Hana Alikula Kabla ya Samweli

SOMO LA WIKI
Mistari ya kusoma: 1 Samweli 1:1-20, 1 Wafalme 19:1-8, 1 Timotheo 5:23

Somo hili nililifundisha kwanza hapa Kitale, halafu nikalipeleka kwa ndugu zetu wa tawi la Bungoma. Kawaida nikimaliza kufundisha watu wananisalimia na kwenda zao kutafuta matatu. Siku hiyo Bungoma walibaki. Mmoja alinivuta kando akanieleza habari za tumbo lake, mwingine akasimama karibu akingoja zamu, na kufika saa kumi jioni nilikuwa bado chini ya mwembe nasikiliza matumbo ya watu. Ndiyo maana pasta ameniomba niliandike, ili hata wale ambao hawakuwapo walipate.

Upande wetu huu tumbo likisumbua tunalipa jina moja tu, ulsa. Mtu akishiba kwa tonge mbili, ni ulsa. Akicheua uchungu, akiwaka kifuani, akijaa gesi mpaka mshipi haufungi, ni ulsa. Anaenda kwa chemisti anapewa tembe za kutafuna. Jirani anamletea mwarubaini, shemeji anamletea shubiri. Anaacha maharagwe, anaacha chai ya maziwa, anaacha machungwa, mwishowe amebaki na uji na viazi vya kuchemsha, na tumbo bado linapiga kelele. Watu wakimwona amekonda wanasema, "Huyo ana mawazo." Wanasema hivyo kama mzaha, lakini ni ukweli mkubwa kuliko wanavyodhani. Hata magazeti yetu, yakitaka kusema wanasiasa wameingiwa na hofu kabla ya uteuzi, huandika kwamba wako matumbo joto. Hayaandiki vichwa joto.

Nianze na tumbo langu mwenyewe, kwa sababu sitaki kufundisha kwa tumbo la mtu mwingine.

Lilianza mwaka ule mdogo wangu alipofariki. Alikuwa anaendesha boda boda, na nilikuwa nimemdhamini mkopo wa kuinunua. Wenye mkopo walikuwa watu wa heshima, walingoja wiki tatu baada ya matanga ndipo wakanipigia simu. Nililipa kwa mahindi, mavuno mawili mfululizo. Matangani sikulia. Ratiba ilikuwa mkononi mwangu, mimi ndiye niliyewapokea wageni, na mimi ndiye niliyesimama kuhubiri kaburini. Watu walisema, "Mzee ana imani." Nilipenda kusikia hivyo, nakiri.

Mwezi wa pili baada ya hapo chakula kikaanza kukaa juu ya tumbo kama jiwe. Ugali niliokula saa moja jioni nilikuwa bado nausikia saa sita usiku. Nilienda hospitali, choo kikapimwa, wakakuta bakteria. Nikapewa dawa za siku 14 na nikamaliza zote, sikuruka hata tembe moja. Nafuu ilikuja ya kama mwezi mmoja. Halafu ikarudi, na safari hii na kichefuchefu cha asubuhi. Nikatumwa Eldoret kupitishiwa kamera, ule mpira wa kumezwa ambao waliowahi kuumeza hawausahau. Majibu yalisema tumbo ni safi, hakuna kidonda. Wapendwa, badala ya kumshukuru Mungu nilikasirika. Mtu anaumwa karibu miaka miwili, anauza mbuzi alipe kamera, halafu anaambiwa hana kitu?

Aliyenisaidia ni afisa wa kliniki mmoja hapa Kitale, msichana wa umri wa binti yangu wa pili. Aliangalia karatasi zangu zote, akaziweka chini, akaniuliza, "Mzee, unalala?"

"Nalala."

"Unaamka saa ngapi?"

"Saa tisa usiku."

"Kufanya nini, mzee?"

"Kuhesabu."

"Unahesabu nini?"

Nilitaka kusema nahesabu magunia. Nikaanza kumweleza habari ya mkopo, na katikati ya mkopo nikajikuta namweleza habari ya mdogo wangu, jinsi alivyonipigia simu ile asubuhi na mimi sikuishika kwa sababu nilikuwa shambani. Nikalia mbele ya mtoto wa watu, kofia mkononi. Hakuniambia nyamaza. Alisogeza tu kiti chake akafunga mlango.

Sasa twende Shilo. Habari ya Hana tunaijua, kila mwaka tunaihubiri kwa wanaotafuta mtoto. Lakini tunairuka sehemu ya chakula. Soma tena mstari wa 7 na wa 8. Familia inapanda Shilo kila mwaka kwa sherehe. Kuna nyama, kuna mafungu ya kugawa, Elkana anampenda mkewe. Penina anamchokoza, na Hana analia na hali chakula. Biblia inasema jambo hili lilikuwa la mwaka hata mwaka. Angalia vizuri, mwandishi hakusema Hana alikuwa amefunga. Kuna kula kunakozuiwa na maombi, na kuna kula kunakozuiwa na uchungu, na mwandishi wa Samweli alijua tofauti. Elkana anauliza kwa nini hali chakula na kwa nini moyo wake una huzuni, yaani anauliza maswali mawili kwa pumzi moja, kama mtu anayejua kwamba yana jibu moja. Sisi waume, hapo tumpe Elkana sifa zake. Halafu anaharibu kidogo anapojitaja kuwa bora kuliko wana kumi, lakini hilo ni somo la siku nyingine.

Hana si peke yake. Ayubu katika sura ya 30 mstari wa 27, na Yeremia katika Maombolezo 2:11, wanapolia juu ya maafa yao, lugha ya Kiebrania waliyotumia inataja matumbo. Matumbo yanachemka, matumbo yanasokoteka. Watumishi wa Mungu hawakuona aibu kusema hivyo, na hakuna aliyewaambia wana mapepo.

Yule afisa wa kliniki alinieleza mambo ambayo baadaye niliyatafuta na kuyasoma zaidi, nami nawapa.

Zamani madaktari wenyewe walifundishwa kwamba vidonda vya tumbo huletwa na mawazo na asidi. Mwaka 1982 huko Perth, Australia, madaktari wawili, Barry Marshall na Robin Warren, waligundua bakteria anayeishi ndani ya tumbo, anaitwa Helicobacter pylori. Watu hawakuwaamini. Mwaka 1984 Marshall akachukua kikombe cha bakteria hao akakinywa, na baada ya siku chache akaanza kuugua. Mwaka 2005 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel. Kwa hiyo mtu akikwambia kidonda chako ni mawazo tu, usikubali kabla ya kupimwa. Huyo bakteria ni wa kawaida sana hapa kwetu. Na kuna kitu kingine kinachotoboa matumbo ya wakulima, nacho ni tembe za maumivu. Mtu amepalilia ekari moja, mgongo unauma, anameza diclofenac au brufen na chai ya strungi, tumbo tupu, kesho tena, kesho kutwa tena. Hiyo haihitaji mkesha. Inahitaji uache tembe na umwone daktari.

Lakini kuna kundi la pili, nami nimo. Hawa wamepimwa, hawana bakteria au wametibiwa wakapona, hawana kidonda, na bado wanaumwa kweli. Nasisitiza, wanaumwa kweli. Tumbo lina mishipa ya fahamu mingi ajabu, chembe zake zinazidi milioni 100, na kuna mshipa mmoja mrefu unaoshuka kutoka kwenye ubongo hadi tumboni. Ujumbe unapita juu na chini, na sehemu kubwa ya ujumbe huo unatoka tumboni kwenda juu. Mtu akiwa na hofu mwili unajiandaa kukimbia au kupigana, damu inaelekea mikononi na miguuni, na kazi ya kusaga chakula inapunguzwa mwendo. Ukikutana na nyoka shambani hilo ni jambo zuri, maana dakika kumi baadaye mambo yanarudi sawa. Shida ni pale nyoka anapokuwa mkopo, au kaburi, au ndoa. Huyo haondoki. Tumbo linakaa miezi katika hali ya kukimbia, chakula kinachelewa kushuka, na mishipa ya tumbo inakuwa na wepesi wa kuumia hata kwa gesi kidogo ambayo mtu mwingine asingeisikia. Halafu maumivu nayo yanampa mtu hofu mpya, labda ni saratani, labda nimerogwa, na hofu inarudi chini tumboni. Ni kama ng'ombe anayezunguka kinu cha miwa.

Mwaka 1822, katika kisiwa cha Mackinac huko Marekani, kijana mmoja aitwaye Alexis St. Martin alipigwa risasi kwa bahati mbaya, na jeraha lake likapona likiacha tundu lililoingia moja kwa moja tumboni. Daktari wake, William Beaumont, akawa anachungulia ndani na kuandika aliyoyaona, kwa miaka. Kitabu chake kilitoka mwaka 1833. Mojawapo ya mambo aliyoandika ni kwamba kijana akikasirika, tumbo lenyewe lilibadilika na kusaga kukaharibika. Aliona kwa macho.

Na hapa Kenya? Mwaka 2009 Profesa David Ndetei na wenzake walichapisha uchunguzi wa wagonjwa zaidi ya 2,700 katika hospitali na vituo vya kawaida vya afya. Si wagonjwa wa Mathari, ni watu waliokuja kwa magonjwa ya kawaida. Kama asilimia 42 walikuwa na dalili za ile huzuni ya kuugua wanayoiita dipresheni, iwe ndogo au kali. Waliokuwa wameandikiwa ugonjwa wowote wa akili kwenye faili zao walikuwa asilimia 4 hivi. Chukua foleni ya hospitali uliyokaa mara ya mwisho, uhesabu. Wengi wanabeba kitu ambacho hakuna aliyewauliza.

Sasa nifike mahali ambapo sikutaka kufika.

Kuna mama mmoja katika tawi la Bungoma. Alishuka kutoka Mlima Elgon na watoto wake wakati wa vita vile vya mashamba, vya 2006 hadi 2008. Mumewe hakurudi, na hakuna kaburi. Tangu hapo tumbo. Amekunywa kila dawa inayouzwa kati ya Chwele na Webuye. Alikuja mbele kuombewa katika mkutano wa maombi nikiwa mimi ndiye ninayeongoza, na hiyo haikuwa mara yake ya kwanza. Nilichoka, nadhani. Nikamwambia mbele za watu kwamba Mungu ameshaponya, kilichobaki ni yeye kusamehe waliomkosea, na kwamba uchungu aliouficha ndio unaomla. Nikamwagiza afunge siku tatu. Mama ambaye alikuwa tayari hali.

Alifunga. Siku ya pili alizirai kisimani, watoto wakambeba. Baada ya hapo hakuja tena kanisani, na mimi nikasema moyoni mwangu, imani yake ilikuwa ndogo. Haya yalitokea kabla ya msiba wangu.

Rudini mstari wa 12 hadi wa 14. Eli amekaa kitini pa kuhani, anamtazama Hana kinywa chake. Midomo inatikisika, sauti haisikiki. Eli ni mtumishi wa Mungu wa miaka mingi, ameona watu wengi, na anafikia uamuzi haraka kwamba huyu mwanamke amelewa. Anamwambia aache kulewa. Mwanamke anamwaga moyo mbele za Bwana, na kasisi wake anamsoma kama mlevi. Niliposoma hapo nikiwa mgonjwa mwenyewe, sikumwona Hana kwanza. Nilijiona mimi nimekaa kwenye kile kiti.

Kuna ukweli kidogo ndani ya nililomwambia yule mama, na ndiyo sababu liliuma. Ni kweli uchungu ulikuwa unamla. Lakini nililisema kama hukumu, nikaweka mzigo wa kupona juu ya kichwa chake, kana kwamba mtu anaweza kuusamehe msitu uliommeza mumewe kwa siku tatu bila chakula. Na tofauti kati ya mimi na Eli ni kwamba Eli aliposikia maelezo ya Hana alibadilisha maneno yake papo hapo. Alimwambia aende kwa amani. Kuhani alirekebishwa na mwanamke aliyemdhania mlevi, na akakubali. Mimi ilinichukua miaka kadhaa na mpira wa kamera.

Angalieni sasa mstari wa 18. Hana akaenda zake, akala chakula, na uso wake haukuwa na huzuni tena. Samweli yuko wapi? Hajatungwa bado. Mimba ni mstari wa 20, na kabla ya hapo kuna usiku wa kulala, kuna kuamka mapema kuabudu, kuna safari ya kurudi Rama. Penina yupo bado nyumbani kwa Elkana na mdomo wake. Hakuna kilichobadilika nje. Kilichobadilika ni kwamba Hana alikuwa amemimina yaliyomo, kwa Mungu kwanza, kisha mbele ya mtu aliyesikiliza hatimaye bila kumhukumu. Akala. Tumeshuhudia sana juu ya mtoto, na ni ushuhuda mzuri, lakini kwangu mimi sahani ile ni muujiza wa kwanza.

Najua kuna mtu atauliza, je, mzee anasema tusiombee matumbo tena? Hapana. Nimeombewa na nimepona mengine. Ninachosema ni kwamba Paulo, mtu ambaye hata leso zake ziliponya watu, alimwandikia Timotheo juu ya tumbo lake na magonjwa yake ya mara kwa mara, na hakumwambia imani yake ni haba. Alimpa ushauri wa kinywaji kidogo, kama dawa ya wakati ule. (Wale wapenda busaa wasiukate mstari huo na kwenda nao. Neno ni kidogo, na pombe ni mojawapo ya vitu vinavyochoma tumbo.) Timotheo alikuwa mchungaji, na alikuwa mgonjwa, yote mawili kwa wakati mmoja.

Eliya naye. Katika 1 Wafalme 19 anamkimbia Yezebeli, anakaa chini ya mti jangwani, anaomba afe. Huyu ni mtu aliyeshusha moto sura moja tu nyuma. Malaika anayekuja hamkemei, hamwambii avunje roho ya mauti. Anampa mkate na maji, anamwacha alale, anarudi mara ya pili na kumpa tena, kwa sababu safari ni kubwa kuliko nguvu zake. Mahubiri ya Mungu kwa Eliya yalikuja baadaye, Horebu, baada ya kula na kulala. Tukifuata utaratibu huo tutawaokoa watu wengi kwenye mikesha yetu. Na kama kuna mtu anayesoma haya ambaye ameomba kama Eliya, tafadhali mwambie mtu leo, usingoje Jumapili. Namba 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya haina malipo, unaongea na mtu aliyefunzwa kusikiliza. Watu walikuwa wanaogopa kusema kwa sababu sheria ilihesabu kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Mnamo Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kifungu hicho kinakiuka Katiba. Hata kabla ya hapo, Mungu hakumshtaki Eliya.

Niseme kitu kwa upande wa pili pia, kwa maana naona watu wakilishika somo hili wanakimbia nalo. Mtu asije akamwambia mama yake mzee, "Ni mawazo tu, nilisoma kijaridani." Kama kuna kutapika damu, au choo cheusi kama lami, au chakula kinakwama kooni, au mwili unapungua bila sababu, au tumbo limeanza kusumbua uzeeni wakati halikuwahi kusumbua, huyo anaenda hospitali wiki hii, si baada ya mavuno. Saratani ya umio ni nyingi upande huu wa magharibi mwa Kenya na Bonde la Ufa, na wengi huijua wakiwa wamechelewa, baada ya kutibiwa ulsa kwa chemisti miezi na miezi. Kwanza upimwe. Kutafuta mzigo wa moyo kunakuja pamoja na kupimwa, hakuchukui nafasi yake.

Kuhusu dawa. Yule binti wa kliniki alinipa tembe ndogo za usiku, amitriptilini. Nilipofika nyumbani nikasoma karatasi iliyo ndani ya pakiti. Iliandika kwamba ni dawa ya dipresheni. Mimi, mzee wa kanisa! Nikazificha ghalani nyuma ya magunia, nikamwambia mama watoto kwamba hospitali haikuwa na dawa. Zilikaa huko wiki sita. Nilirudi kliniki kwa sababu ya uongo huo kuliko tumbo. Binti akaniambia kwamba kipimo kile ni kidogo, ni cha kutuliza mishipa ya tumbo isipige kelele kwa kila kitu, na cha kunisaidia kulala. Kwamba mtu mwenye dipresheni kali hupewa zaidi ya hapo. Na kwamba kama ningekuwa nayo kali, angenipa zaidi na mimi ningekuwa mzee wa kanisa yule yule. Pia alinituma kwa mshauri nasaha. Niliketi naye mara sita. Wengi wetu tunadhani huko mtu anaenda kuambiwa afanye nini. Mimi alikuwa ananiuliza tu, na mara ya nne ndipo nilipoisema ile simu ambayo sikuishika bila kutetemeka.

Tumbo halikupona siku moja. Nilianza kusikia njaa, kitu ambacho nilikuwa nimekisahau. Ile ya saa tisa usiku ilikuja mara mbili kwa wiki badala ya kila siku. Nilianza kula kidogo kidogo mara nyingi, sio sahani moja ya saa tatu usiku kisha kitandani. Nikapunguza strungi. Natembea mpaka shamba la mbali badala ya kupanda boda. Bado yako majuma mabaya, hasa mwezi wa kufariki kwake. Nafunga bado, lakini namuuliza daktari kwanza, na mfungo wangu mwingine ni wa simu.

Wiki hii katika ushirika wa nyumbani someni sura yote ya kwanza ya Samweli, taratibu, kisha mwenye nyumba aulize swali la Elkana kwa walioketi: nani hali vizuri siku hizi? Kisha mnyamaze. Msimjibu mtu kwa mstari kabla hajamaliza. Wazee wa kanisa na viongozi wa maombi, tukutane Jumamosi baada ya usafi, tuzungumze jinsi tunavyoongea na watu madhabahuni; nitaanza mimi kwa kueleza kosa langu, hivyo hakuna haja ya mtu kuogopa.

Kwa yule mama nilienda mwezi wa Machi. Nilipanda matatu ya Webuye, nikabadilisha kwenda Bungoma, na kutoka stendi nikatembea ili nipate muda wa kupanga maneno. Nilipofika maneno yalikuwa yameisha. Nilimwambia, "Mama, nilikukosea mbele za watu. Nimekuja kuomba msamaha, na nitausema mbele za watu vile vile ukiniruhusu."

Alikaa kimya sana. Halafu akasema, "Pasta, tumbo langu linajua Machi kabla ya kalenda."

Mimi si pasta, lakini yeye ananiita hivyo. Nikamwomba anieleze. Akanieleza mpaka kuku wakaanza kurudi nyumbani, habari ya mumewe, shati alilokuwa amevaa, njia waliyoshukia usiku na watoto wakibebana. Sikuombea chochote mpaka yeye mwenyewe aliposema tuombe. Tulipatana kwamba mama mchungaji atamsindikiza hospitali ya kaunti apimwe, na aseme yote, si ya tumbo peke yake. Wameenda mara tatu sasa. Bakteria alikuwepo na ametibiwa. Hayo mengine yanaendelea.

Niliporudi mwezi uliopita alinipikia ugali wa wimbi na mrenda. Alijipakulia sahani yake akaketi, si jikoni, pale pale mezani nasi. Alikula nusu, akafunika iliyobaki, akaniuliza kama bado nazimeza zile tembe zangu. Nikamwambia ndiyo, mama, bado nazimeza.